Usiku Mmoja Goma: Mlima wa Moto na Mioto ya Mbali

Ndugu msomaji, kama siku moja safari itakufikisha Goma katika mwezi wa saba, usikimbilie kitanda. Kula bugali yako na sambaza, vaa koti, maana mji huu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari na baridi yake ya usiku si mchezo. Kisha toka nje. Usiende mbali, mji huu umeona mengi, moto wa 1977, wa 2002 na wa 2021, wakimbizi wa 1994, na vita hata ile ya Januari 2025, na usiku wake si wa kutembeatembea. Kaa ndani ya parseli pamoja na wenyeji wako. Umeme ukikatika, watu wa kartye watalalamika, na wana haki. Lakini saa ile ile mbingu inafunguka kama kitabu.

Elekeza uso ziwani. Ni saa moja na nusu ya usiku. Juu ya maji, upande wa kusini, utaona nyota mbili zenye kung'aa sana, moja karibu na nyingine. Zinaitwa Alfa na Beta Sentauri. Kuume kwake uko Msalaba wa Kusini, umeinama kidogo kama mtu aliyechoka. Sasa geuka, tazama kaskazini. Huko amesimama Nyiragongo, mita 3,470. Kushoto kwake, chini karibu na ardhi, utaona nyota saba zilizopangwa kama upawa wa kutekea supu.

Je, unajua ni neema gani hiyo? Mtu wa Brussels hauoni Msalaba wa Kusini maisha yake yote, asiposafiri. Mtu wa Cape Town hauoni ule upawa mzima. Wewe wa Goma, kwa sababu ikweta iko chini ya kilomita 200 kutoka hapa, unaona vyote viwili bila kuhama kiti.

Sasa sikiliza mtoto wa nyumba ile. Usiku ambao mawingu yameondoka na mlima umewaka, anauliza: "Mama, ile nyekundu kule juu ni nyota?" Mama anajibu: "Hapana, ile ni moto ya mlima." Mama amesema kweli. Lakini mtoto anaongeza: "Na nyota, iko moto ya nini? Nani alifika kule akaona?"

Hapo wakubwa wengi tunanyamaza. Basi usiku huu tujibu swali la yule mtoto.

MLIMA HAUINGILIKI, LAKINI UNASEMA

Hakuna mtu awezaye kuingia chini ya lava, ndani kabisa ya tumbo la Nyiragongo, akarudi. Hata hivyo wapo watu ambao kazi yao ni kujua mambo ya ndani yake. Ni wataalamu wa Observatoire Volcanologique de Goma, ambayo watu wengi wanaiita OVG. Wanafanyaje? Wanasikiliza matetemeko madogo ambayo wewe na mimi hatuyasikii. Wanapima kama ardhi imevimba. Wanapima gesi.

Hiyo ya gesi inatuhusu leo. Tangu miaka ya 2000 kuna vyombo vilivyowekwa karibu na mlima ambavyo vinatazama mwanga wa mbinguni ukipita katika moshi. Gesi ya kiberiti inameza sehemu fulani ya mwanga na kuacha nyingine. Chombo kinasoma sehemu iliyopungua, nao wanajua gesi ni nyingi au kidogo. Hawakuigusa, hawakuinusa. Wameisoma katika mwanga.

Basi, mtaalamu wa nyota anafanya hivyo hivyo. Nyota haifikiki. Kitu inachotuletea ni mwanga, karibu peke yake. Kazi yote ni kujua kuusoma.

CHUMVI JIKONI

Mzazi, unaweza kuonyesha jambo hili jikoni, wewe mwenyewe ukiwa karibu. Chukua chumvi kidogo, tupa katika ndimi za moto wa kuni. Moto unageuka manjano kali kwa kitambo kidogo. Hiyo ni rangi ya sodiamu iliyo ndani ya chumvi. Kila kitu kikichomwa kina rangi zake, kama vile kila mtu ana sauti yake. Ukisikia sauti ya shangazi nyuma ya mlango, huhitaji kufungua ili ujue ni yeye.

Mwaka 1814 fundi wa vioo wa Ujerumani, Joseph Fraunhofer, alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu. Ukatawanyika kama upinde wa mvua. Lakini alipotazama kwa makini aliona mistari myeusi mamia kadhaa ndani ya rangi zile. Miaka 45 hivi baadaye Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walieleza maana yake: kila mstari ni alama ya kitu fulani kilichomeza sehemu yake ya mwanga. Mwaka 1868 watu waliona katika mwanga wa jua mstari ambao haukulingana na kitu cho chote kilichojulikana. Wakakiita heliamu, kutoka jina la Kigiriki la jua. Kikapatikana hapa duniani mwaka 1895. Kumbe walikijua jua kabla ya kujua kilicho chini ya miguu yao!

Ninyi wasichana, hili ni lenu. Mwaka 1925 binti mmoja wa Uingereza, Cecilia Payne, akiwa na umri wa miaka 25 na akisoma Marekani, alionyesha kwamba nyota zimeumbika hasa kwa haidrojeni na heliamu. Mkubwa mmoja wa elimu hiyo alimwambia jambo hilo haliwezekani. Baada ya miaka michache mkubwa yule yule alikubali kwamba binti alikuwa na haki.

RANGI NA JOTO

Rudi nje. Inua macho karibu juu ya kichwa. Kuna nyota nyeupe yenye ubuluu, jina lake Spika. Sasa tazama upande wa mashariki, juu sana: kuna moja nyekundu kama kaa la moto. Hiyo ni Antaresi.

Kwa nini rangi zinatofautiana? Mwulize mhunzi. Chuma kikianza kupata moto ni chekundu. Kikizidi kinakuwa cha machungwa, kisha cheupe. Lava ya Nyiragongo ikiwa na joto la digrii 1,000 na zaidi inang'aa nyekundu na machungwa. Nyota ni hivyo hivyo. Antaresi nyekundu ina digrii 3,400 hivi usoni mwake. Jua letu lina 5,500. Spika inapita 20,000. Kwa hiyo usidanganyike: jikoni tunasema nyekundu ni moto sana na buluu ni baridi, lakini mbinguni njo kinyume.

UMBALI NA UZITO

Kijana mmoja atasema: "Pengine Spika ni taa ndogo iliyo karibu." Swali zuri. Usiku taa ya moto-taksi iliyo karibu na taa ya lori kubwa lililo mbali kwenye barabara ya Sake zinaweza kuonekana sawa. Ni lazima ujue umbali kwanza.

Simama ufukoni, tazama mtumbwi ulio ziwani na milima ya ng'ambo nyuma yake. Tembea hatua mia moja, tazama tena. Mtumbwi unaonekana umehama mbele ya milima, kumbe uliyehama ni wewe. Kadiri ulivyohama na kadiri unavyoonekana kuhama, ndivyo unavyoweza kuhesabu umbali wake. Wataalamu hawatembei hatua mia. Wanangoja miezi sita hata dunia ifike upande wa pili wa jua.

Na hapa Afrika ina sehemu yake. Zile nyota za Alfa Sentauri, juu ya ziwa, zilipimwa namna hiyo kutoka Cape Town. Thomas Henderson alizitazama huko mwaka 1832 na 1833, akatoa hesabu mwaka 1839. Pembe yenyewe ni ndogo ajabu, karibu kama upana wa kifuniko cha chupa ya soda kikitazamwa kutoka kilomita nane. Leo tunajua mwanga wake, unaokimbia kilomita 300,000 kila sekunde, unatumia zaidi ya miaka minne kufika kwetu. Mwaka 1915 Robert Innes, akiwa Johannesburg, aligundua nyota ndogo karibu nazo, Proksima. Baada ya jua letu, hakuna nyota nyingine inayojulikana kuwa karibu nasi kuliko hiyo.

Na uzito? Hakuna mizani ya kupimia nyota. Lakini watoto wawili wakishikana mikono na kuzunguka, aliye mzito anasogea kidogo, mwepesi anarushwa sana. Alfa Sentauri si nyota moja. Ni mbili zinazozungukana, na mzunguko mmoja unachukua karibu miaka 80. Kwa kuzifuata muda mrefu, wataalamu walijua moja ni nzito kidogo kuliko jua na nyingine ni nyepesi kidogo.

MAKORO YANAFUNDISHA

Sasa linakuja swali gumu. Nyota zinaishi mamilioni na mabilioni ya miaka. Mtu anaishi miaka sabini, themanini. Nani aliiona nyota ikizaliwa, ikakua, ikazeeka?

Kesho asubuhi utembee Goma utazame chini. Mji umejengwa juu ya makoro. Yale ya 2021, kaskazini mwa mji, bado ni meusi na makali. Yale ya 2002, yaliyopita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, yamevunjwavunjwa, yamekuwa kuta na misingi ya nyumba. Nje ya mji yapo ya zamani zaidi, yameota majani. Na yale ya kale kabisa yamegeuka udongo mweusi ambamo mama analima maharagwe. Hukukaa miaka elfu kuangalia jiwe likigeuka shamba. Lakini kwa siku moja umeona hatua zote, na umejua njia ya jiwe.

Hivyo njo wataalamu wanavyofanya na nyota. Wanatazama nyingi za kila umri, wanazipanga. Wana msaada mwingine pia: makundi ya nyota zilizozaliwa pamoja, kama wanafunzi wa darasa moja. Ukikaa macho hata saa kumi ya usiku, utaona kundi moja mashariki, dogo, limebanana. Watu wa pwani wanaliita Kilimia, kwa maana liliwasaidia wakulima kujua majira ya kulima. Umri wake ni kama miaka milioni 100 tu. Kwa nyota huo ni utoto.

Katika makundi hayo waligundua jambo la kushangaza: nyota kubwa ndizo zinakufa mapema. Tazama mbabula mbili. Moja kubwa imejazwa makala na mlango umefunguliwa wote. Nyingine ndogo inawaka polepole. Asubuhi, ipi ina moto? Jua letu ni mbabula ndogo: limewaka miaka bilioni 4.6 na linabakiwa na karibu muda kama huo. Spika, ambayo ni nzito mara kumi hivi kuliko jua, itamaliza yake katika makumi machache ya mamilioni ya miaka. Antaresi yenyewe imekwisha kuzeeka. Imevimba hata kwamba ukiiweka mahali pa jua ingemeza dunia yetu na kupita njia ya sayari ya Mars. Mwisho wake ni kulipuka.

Je, kuna aliyeona mlipuko kama huo? Ndiyo. Tarehe 23 Februari 1987 mwanga wa nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan uliifikia dunia. Wingu hilo ni kundi la nyota lililo mbali nasi zaidi ya miaka 160,000 ya mwanga, na watu wa kusini waliona mlipuko ule kwa macho tu. Tena wataalamu walikuwa na picha za nyota ile kabla haijafa. Usiku wa mwezi wa kumi na mbili, wewe wa Goma unaweza kutafuta wingu hilo kusini, juu ya ziwa, kama ukungu mdogo usiosogea.

JINA LA KISWAHILI MBINGUNI

Kuna habari nyingine ambayo kila msemaji wa Kiswahili angepaswa kuijua. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokumbuka miaka saba ya uhuru wake, chombo kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kilikuwa cha Wamarekani na kilirushwa na Waitaliano. Kwa heshima ya siku ile kiliitwa Uhuru. Kilikuwa cha kwanza duniani kilichotumwa kutafuta mionzi ya eksirei mbinguni peke yake, ile mionzi ambayo hewa yetu inaizuia isifike chini.

Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikapata chemchemi 339 za mionzi hiyo. Moja iko upande ule ule wa Msalaba wa Kusini ulioutazama jioni. Ilikuwa inapepesa kila baada ya sekunde 4.8, kama moyo. Ilikuwa maiti ya nyota kubwa: uzito unaopita wa jua umebanwa katika mpira ambao ungeweza kukaa kati ya Goma na Sake. Nyingine, Cygnus X-1, iliwaongoza wataalamu kwenye shimo jeusi la kwanza waliloliamini. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kazi ile, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa hiyo mtu akikuambia eti mambo ya nyota si ya watu wa kwetu, mwulize Malindi iko wapi.

DHAHABU, KASITERITI NA KOLTANI

Wewe unayesoma gazeti hili pengine unaishi karibu na machimbo. Baba anachimba, kaka anabeba mifuko, mama anauza chakula kilimani. Je, umewahi kujiuliza jiwe lile lilitoka wapi kabla ya kuwa ndani ya kilima?

Mwaka 1952 Paul Merrill alisoma katika mwanga wa nyota nyekundu zilizozeeka alama ya kitu kinachoitwa teknetiamu. Kitu hicho hakidumu: aina inayopatikana huko inapoteza nusu yake katika miaka 200,000 hivi. Nyota zile ni za umri mkubwa mara nyingi zaidi ya huo. Basi hawakuweza kusema ilizaliwa nayo, ilikuwa inaitengeneza. Nyota ni tanuru. Chuma cha jembe lako kilipikwa humo. Bati ya kasiteriti, sehemu yake kubwa, ilipikwa polepole katika nyota nyekundu za uzee.

Na dhahabu? Tarehe 17 Agosti 2017 vyombo vilisikia mtikisiko wa maiti mbili za nyota zikigongana, mbali miaka milioni 130 ya mwanga. Darubini za dunia nzima ziligeuzwa huko, pamoja na ile kubwa ya SALT iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, iliyofunguliwa 2005. Katika mwanga wake walisoma dalili za madini mazito yaliyozaliwa pale pale. Leo migongano kama hiyo inahesabiwa kuwa chemchemi mojawapo kubwa ya dhahabu. Tantali ya koltani imetoka njia zote mbili, ile ya polepole na ile ya ghafula.

Basi fikiri vizuri. Vitu vilivyoumba jiwe linalobebwa mgongoni kutoka Rubaya ni vya kale kuliko dunia. Nyota zilikufa ili lipatikane. Hata chuma kilicho katika damu ya yule anayelibeba kilitoka katika tanuru zile zile. Wanunuzi wanapima jiwe kwa mizani ndogo na kubishana juu ya gramu. Lakini mchimbaji wanamhesabu kuwa kitu cha bei ndogo, hata shimo likimfunika siku tatu tu anasahauliwa. Ndugu, hakuna elimu inayokubali hesabu hiyo.

"NYOTA YANGU IMEFUNGWA"

Neno la mwisho, hasa kwa vijana. Huko machimboni utasikia: "Nyota yangu imefungwa, ndiyo sababu sipati." Na yupo atakayesema: "Leta pesa, nitaisafisha." Wengine wameuza mbuzi, wengine wametoa pesa za shule za watoto. Sasa umesikia nyota ni nini. Spika iko mbali sana hata mwanga uliouona usiku huu uliondoka kwake kama miaka 250 iliyopita, kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Haikujui jina, wala haina deni nawe. Pesa ile imlipie mtoto masomo.

Maana kusoma dalili za kweli ni jambo la uhai hapa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka na hakukuwa na dalili ndefu za kuonya. Watu walikimbia usiku na watoto mgongoni. Goma inahitaji vijana watakaosikiliza mlima vizuri zaidi, na anayefundishwa kusoma mwanga wa nyota amefundishwa pia kusoma moshi wa Nyiragongo. Hesabu ni ile ile.

Saa kumi na moja ya alfajiri, kabla hujaingia kulala, mashariki kunapambazuka. Chukudu za kwanza zinateremka na makala. Nyota zinapotea moja moja, isipokuwa moja. Hiyo usiitazame kwa macho wazi hata kidogo, inaumiza. Iliyo karibu kuliko zote imepanda, na mama wa nyumba anaianzia kazi.

Yule mtoto akiamka, sasa mna la kumjibu.